Acheni Kuwachuja Watoto

Kila mashindano ya watoto yanapofunguliwa mkoani Tanga, iwe Makorora, Pongwe, Pangani au Maramba, mgeni rasmi hushika kipaza sauti na kutamka maneno ambayo kila mmoja uwanjani ameshayajua kabla hayajatoka kinywani: michezo ni ajira. Huwaambia watoto waliopangwa juani na jezi zao mpya kwamba miongoni mwao yumo Mbwana Samatta wa kesho, na kwamba mradi umekuja kuibua vipaji. Watoto hupiga makofi. Mgeni rasmi huondoka, mechi huchezwa kwa mtoano, na ikifika Jumapili jioni timu moja imepata kombe na mbuzi, zilizobaki zimekwisha kurudi nyumbani, baadhi baada ya dakika arobaini tu za kucheza.

Wazo hili, kwamba michezo ni ajira, limeota mizizi kiasi kwamba anayelipinga huonekana adui wa michezo. Nalipinga kwa sababu naipenda michezo, na kwa sababu naamini mpira, mbio, kuogelea na michezo ya mitaani ni miongoni mwa vitu vichache tunavyoweza kumpa mtoto wa maskini bila kusubiri nchi itajirike. Lakini tukimpa kwa masharti ya kipaji, tunamnyang'anya tulichokuja kumpa. Mtoto anayehitaji zaidi siha, chakula, marafiki na mtu mzima wa kumwangalia ndiye anayekuwa wa kwanza kuambiwa akae pembeni.

Nianze na hesabu, maana wenzetu wa ajira hupenda kujiita watu wa hali halisi. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Tuipe kila timu wachezaji 30, tupate nafasi 480 kwa nchi nzima. Humo ndani wamo wageni kutoka Afrika Magharibi, Kongo, Zambia na kwingineko, na wamo wenyeji watakaoshikilia nafasi zao kwa miaka kumi. Upande wa pili wa mizani, shule zetu za msingi zina watoto zaidi ya milioni 11. Coastal Union yetu, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, ikatoka sare ya 3–3 na Yanga pale Arusha kabla ya kufungwa kwa penalti, ni fahari ya kila mtu wa Tanga, na mimi nimo. Lakini hata klabu hiyo ikiamua leo kutosajili mtu yeyote ambaye si mzaliwa wa mkoa huu, haiwezi kuajiri watoto wa mtaa mmoja wa Ngamiani. Kumwambia mtoto wa miaka tisa kwamba uwanja una maana kwa sababu ya ajira ni kumwambia kwamba kwake yeye, kwa uwezekano mkubwa kupita kiasi, uwanja hauna maana.

Hilo ndilo pigo dogo. Pigo kubwa ni swali la nini hasa kinapimwa pale kocha anaposimama na filimbi kuchagua watoto "wenye vipaji" katika mtaa wa maskini.

Vuka Horohoro uingie Kwale, ng'ambo ya pili ya mpaka, kwa watu wa bahari moja na mashamba yale yale ya minazi. Kwenye Pwani hiyo ya Kenya, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti Lani Stephenson na Michael Latham wa Chuo Kikuu cha Cornell, huyo Latham akiwa mzaliwa wa Kilosa hapa kwetu, walifanya kazi na wenzao wa Kenya katika shule za msingi. Waliwapandisha na kuwashusha wavulana kwenye kijukwaa, wakahesabu mapigo ya moyo wao, kisha wengine wakapewa dawa ya kichocho au ya minyoo na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Walipopimwa tena, waliopata dawa ya kweli walikuwa wamepanda kwa siha kuwapita wenzao. Katika utafiti wa minyoo uliochapishwa mwaka 1993, dozi moja ilitosha kuonyesha tofauti baada ya miezi minne: mwili ulistahimili zaidi, hamu ya kula ilirudi, na watoto walikua zaidi ya wenzao.

Matokeo hayo yanatuhusu moja kwa moja. Kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa ukanda wetu. Watu wa vijiji vya Muheza wanajua maana ya mvulana kukojoa damu baada ya msimu wa kucheza kwenye madimbwi na vijito. Minyoo ya safura hunyonya damu ya mtoto anayetembea peku kwenye udongo uliochafuliwa, na malaria hummalizia iliyobaki. Juu ya hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Sasa mlete kocha wa vipaji. Anawapanga watoto arobaini, anawakimbiza, anawagawa timu mbili. Dakika ya kumi mmoja ameinama, mikono magotini, anahema. Kocha anaona mvivu, au mtoto ambaye "hana kitu". Anamtoa. Hajui, na filimbi yake haiwezi kumwambia, kama mtoto yule hana kipaji au ana safura. Kama ni mzito wa miguu au hajatia kitu tumboni tangu jana usiku. Anayebaki uwanjani mara nyingi ni yule aliyekula, aliyelala chini ya chandarua, aliyezaliwa miezi minane au kumi mapema kuliko wenzake wa rika. Tunaita hilo kipaji, tunalipa jezi, na tunamrudisha nyumbani yule ambaye dozi moja ya dawa na bakuli la uji vingemfanya awe mchezaji mwingine kabisa kabla ya mwaka kwisha. Kwa macho ya afya, huko ni kuwapangia foleni wagonjwa na kuwapa dawa wazima.

Mchujo una tabia nyingine mbaya: humfundisha mtu mzima kudanganya. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa kwenye fainali za Afrika zilizofanyika Gambia kwa sababu ilimchezesha aliyezidi umri. Taifa liliona aibu kwa muda, likasahau. Nenda leo kwenye mashindano yoyote ya watoto yenye zawadi nono, utakuta ubishi ule ule mezani kwa waamuzi: huyu ana ndevu, huyu amemaliza shule mwaka juzi. Makocha hawa wengi ni watu wema, hawalipwi, wananunua mipira kwa pesa zao. Ila ukimwambia mtu kwamba kazi yake itapimwa kwa kombe, atatafuta kombe. Mtoto halisi wa miaka kumi na mbili, mwembamba, anayejifunza, atakaa benchi kumpisha kijana wa miaka kumi na saba.

Wengine watasema hili ni kosa la watekelezaji, na kwamba mfumo wenyewe ni mzuri. Nadhani historia yetu inaonyesha vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Waziri wa Elimu na Utamaduni, Joseph Mungai, alisimamisha mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Lilikuwa kosa, na kelele zilizopigwa zilistahili. Lakini sikiliza kelele zenyewe zilisema nini. Zilisema Taifa Stars inafungwa kwa sababu chemchemi ya vipaji imekauka. Zilisema wanariadha wameadimika. Ni wachache mno waliosimama kusema kwamba mtoto wa darasa la nne amenyang'anywa saa yake ya kukimbia, kucheka na kutokwa jasho. Kwa hiyo serikali ya awamu ya nne iliporudisha michezo shuleni, ilirudi na sura iliyoombwa: ngazi. Shule huchagua wake, kata huchagua kutoka kwa hao, kisha wilaya, mkoa, hadi kambi ya taifa. Katika kila ngazi kuna watoto wanaovua jezi. Kufikia juu wamebaki wachache, tunawapiga picha, tunasema michezo imerudi. Katika shule ya watoto elfu moja, wale mia tisa na themanini walioachwa ngazi ya kwanza hawahesabiwi na mtu. Mwalimu wa michezo akiulizwa taarifa, hutuma majina ya waliokwenda mkoani.

Tulishawahi kufikiri vinginevyo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, kuhara, maji na vyoo, kisha wakanyanyuka kwenda kuchimba, kufyeka na kufukia madimbwi. Hakuna aliyeachwa nje ya kikundi kwa kukosa kipaji cha afya. Watunga kampeni ile walijua kwamba afya ya kijiji haiboreki kwa kumtafuta mwanakijiji mmoja mwenye afya kuliko wote. Sielewi kwa nini tukifika kwenye mpira tunalisahau jambo lililo wazi kiasi hicho.

Huenda mtu akanijibu: hata kama wengi wanachujwa, angalau wale wanaocheza ligi wanapata afya, miili inakakamaa, akili zinatulia. Inasikika kuwa kweli, na mimi ningependa iwe kweli kila mara. Lakini lipo jaribio lililofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, miongoni mwa watoto wa miaka 11 hadi 14 katika mji uliotoka kwenye vita vya muda mrefu. Ligi ya mpira wa miguu ya wiki kumi na moja ilianzishwa, yenye ushindani na mafunzo ya amani, na watafiti wakawapima watoto waliocheza na wale ambao hawakupata nafasi ya kucheza. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, hayakuonyesha kwamba ligi ile iliongeza siha. Kwa wavulana, hali ya akili ya waliocheza ilikwenda vibaya ikilinganishwa na wenzao. Ligi iliyoandaliwa kwa nia safi, na watu makini, ilishindwa kufanya kile ambacho wageni rasmi wetu huahidi kwa sentensi moja. Sisemi mpira uliwadhuru kwa kuwa ni mpira. Nasema ushindani unaowekwa juu ya watoto waliokwisha kuumizwa na maisha, bila kuangaliwa kwa karibu mmoja mmoja, hauna dawa ndani yake kwa asili. Mtoto aliyeshindwa nyumbani na shuleni anaweza kuja uwanjani kushindwa mara ya tatu, safari hii mbele ya watu.

Na dawa za kulevya? Hapa ndipo sauti hupanda, na nina sababu ya kuziheshimu sauti hizo, maana ukanda huu wote, kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, umezika vijana kwa unga wa heroini, na Tanga imo. Mzazi wa Tanga akisikia kwamba mpira utamtoa mwanawe kijiweni, hahitaji takwimu. Ataleta hata mia yake ya mwisho. Lakini mpira wenyewe, ule wa ngozi uliojaa upepo, haumzuii mtu kuvuta. Wapo waliovuta kwa mara ya kwanza nyuma ya goli. Kinachozuia ni kuwapo kwa mtu mzima anayekujua jina, anayeuliza ulikuwa wapi jana, na ratiba inayojirudia wiki hadi wiki bila kukatika. Iceland husifiwa kwa kuwaondoa vijana kwenye ulevi: mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita, mwaka 2016 ikawa asilimia 5. Wapenda michezo hulitaja jambo hilo kama ushindi wao. Ukiangalia kilichofanyika, michezo ilikuwa sehemu tu: wazazi waliwekeana ahadi za maandishi kuhusu muda wa watoto kukaa nje usiku, halmashauri zikawalipia watoto ada za shughuli za baada ya shule, wawe na kipaji wasiwe nacho, na vijana wakaulizwa hali zao kwa dodoso mwaka baada ya mwaka. Bonanza la wikendi moja halimo kwenye orodha hiyo. Mtoto anayetolewa raundi ya kwanza Jumamosi asubuhi, Jumamosi mchana yuko wapi? Yuko mtaani, sasa akiwa na ushahidi kwamba hafai.

Kuna pingamizi la namna nyingine, la watu wasiojali vipaji wala michezo. Wao husema mtoto wa maskini anachota maji, anabeba kuni, anatembea kilomita tano kwenda shule. Mazoezi ya nini tena? Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kadiri hadi ya nguvu kila siku, na ni kweli kwamba binti wa Mkinga anazipata kabla jua halijakolea, akiwa na ndoo kichwani. Kwake tatizo halijawa uvivu wa mwili. Lakini ndoo ya maji hubebwa kwa amri na kwa uchovu. Haimpi rafiki, haimfundishi kuanguka na kuinuka akicheka, haimjengei tabia atakayoibeba hadi ukubwani kwa hiari yake. Siku bomba likifika mlangoni ataacha kubeba ndoo, na tutashukuru, na hapo hatakuwa amejifunza njia nyingine yoyote ya kuufurahia mwili wake. Mama zetu wa mjini waliokwisha kupata bomba na bodaboda wanazijua presha na sukari kwa majina na kwa dozi.

Nimefika kwa mabinti, ambao mfumo wa kuibua vipaji huwaacha karibu wote. Wanapovunja ungo, wengi hupotea uwanjani, na tumezoea kusema ni dini au ni mila za Pwani. Mimi ni Mwislamu wa Pwani na nayakataa maelezo hayo mepesi. Bodi ya sheria za mpira duniani iliruhusu rasmi hijabu mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Kitambaa hakijawahi kuwa kizuizi cha mtu kukimbia. Kizuizi ni uwanja ulio kando ya barabara kuu ambako kila mpita njia hutia neno. Ni mazoezi yanayoanza saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mzazi yeyote mwenye akili humtaka bintiye nyumbani. Ni kukosa choo cha kubadilishia nguo, kukosa pedi, kukosa mwanamke hata mmoja mwenye filimbi. Hayo yote yanatengenezeka, na majirani zetu wa Kilifi wameshayatengeneza. Tangu mwaka 2001, Moving the Goalposts, shirika lililoanzishwa na Sarah Forde, limekuwa likiwachezesha mpira mabinti wa Kimijikenda na Waswahili, Waislamu kwa Wakristo, katika mojawapo ya maeneo maskini zaidi ya Pwani ya Kenya. Mabinti hao hufunzwa kuwa makocha, waamuzi na watoa huduma ya kwanza. Mazungumzo juu ya hedhi, mimba za utotoni na Ukimwi hufanyika humo humo, na wenzao waliofunzwa. Asiyejua kupiga mpira anaweza kuwa mwamuzi, na heshima yake ikawa ile ile. Huo ni mfumo uliojengwa kwa ajili ya kila binti aliyekuja, na kwa sababu hiyo umedumu miaka zaidi ya ishirini, wakati mashindano mangapi ya kuibua vipaji yamekuja Tanga, yakapiga picha, yakaondoka?

Tazama pia bahari. Tunaishi kando yake na hatuwafundishi watoto kuogelea. Wavulana hujifunza wenyewe kwa kurukia maji pale Raskazone au Deep Sea, kwa hatari. Mabinti wengi hawajifunzi kabisa, halafu wanapanda boti na ngalawa maisha yao yote. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa, kwa sababu kuzama ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya watoto duniani. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulianza kuwafundisha mabinti kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya stara ya kuogelea, na walimu wakiwa wanawake. Tanga tuna wavuvi wanaoyajua maji kuliko mwalimu yeyote wa bwawa la hoteli. Hakuna Ligi Kuu ya kuelea. Hakuna wakala atakayekuja kusajili mtoto kwa sababu anaweza kujilaza chali juu ya maji kwa dakika tano. Ndiyo maana hakuna mdhamini. Ukipima mchezo kwa ajira, kuogelea kwa kujiokoa kuna thamani ya sifuri; ukiupima kwa uhai wa mtoto, sioni kinachoupita.

Kwa kipimo hicho hicho cha uhai na siha, michezo ambayo watoto wetu huicheza bila kuitiwa mgeni rasmi inawashinda wataalamu wengi. Mchukue mtoto wa kike anayecheza rede. Wawili wamesimama huku na huku wanamlenga kwa mpira wa soksi, naye katikati anakwepa, anainama kujaza mchanga kwenye chupa, anachomoka, anarudi, anaruka. Miguu, macho na pumzi vinafanya kazi kwa pamoja kwa muda ambao kocha wa mazoezi angeutoza pesa. Kombolela nayo ina kanuni ninayoitamani kwenye kila uwanja wa watoto: aliyekamatwa hajaondoka mchezoni, anasubiri mwenzake aliye huru aje apige kopo, na wote waliokamatwa wanarudi kucheza. Mtoto mnene na mtoto mwembamba, mwepesi na mzito, wote wana kazi, na aliyebaki wa mwisho hubeba dhamana ya wenzake. Watoto walijitungia kanuni hiyo wenyewe. Sisi watu wazima tukaja na mtoano.

Michezo hiyo haihitaji nyasi bandia. Inahitaji mahali, na mahali panakwisha. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto walijaa shuleni, jambo jema kabisa, na madarasa yakajengwa haraka. Shule nyingi zilijenga palipokuwa na nafasi, na nafasi iliyokuwapo ilikuwa uwanja. Viwanja vya mitaani visivyopimwa hubaki viwanja hadi siku mtu atakapoweka nguzo nne na waya. Nchi inajiandaa kwa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Uwanja mkubwa unajengwa Arusha, na mjadala wa viwanja umekuwa mjadala wa viti vya watazamaji. Uwanja wetu wa Mkwakwani ni mahali pa kutazama. Mtoto wa Mwanzange hawezi kuamka Jumatano alasiri akaenda kucheza kombolela Mkwakwani. Halmashauri ya Jiji la Tanga na za wilaya jirani zipime viwanja vya shule na vya mitaa, zivipatie hati, na kila darasa jipya linalopangwa kujengwa juu ya uwanja wa watoto litafutiwe eneo lingine au lijengwe kwenda juu, hata likigharimu zaidi.

Wadhamini nao, wa bandari, wa saruji, wa benki, na kampuni zilizokuja na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, wabadilishiwe maswali. Msiulize ni timu ngapi zilishiriki. Ulizeni ni watoto wangapi waliokuwepo wiki ya kwanza bado wapo wiki ya thelathini, na wangapi kati yao ni wa kike. Ulizeni kama ratiba ya mazoezi imeungwa na kingatiba ya minyoo na kichocho inayotolewa shuleni, ili mtoto apewe dawa kabla ya kupewa jezi. Ulizeni kama kuna uji. Pesa ya mbuzi mmoja wa kombe hununua unga na sukari ya kutosha kuwatuliza watoto wa uwanja mzima kwa siku kadhaa, na mwenyekiti wa mtaa hatakosa kina mama wa kuupika.

Linabaki lile pingamizi la mwisho, ambalo nalisikia hata kutoka kwa marafiki: tukiacha kuchuja, vipaji vitapotea. Jibu lipo Nairobi. Mwaka 1987, katika mabanda ya Mathare, Bob Munro na vijana wa huko walianzisha chama cha michezo, MYSA, kisichokuwa na uwanja wala pesa ya maana. Walichokuwa nacho kwa wingi ni taka na watoto. Wakaweka kanuni kwamba timu itapata alama za ligi kwa kusafisha mtaa, kama inavyopata kwa kushinda mechi. Timu iliyofunga mabao mengi na kukwepa zamu ya usafi ilishuka kwenye msimamo. Mwamuzi alibeba pia kadi ya kijani, ya kumpa mchezaji muungwana. Maelfu ya watoto walicheza, wa kike kwa wa kiume, wengi wao wakiwa hawatasajiliwa na klabu yoyote duniani, na mitaro ikazibuliwa. Kutoka kwenye ligi hiyo ya watoto wanaozoa taka ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.